Sweta la Kiberenge

Enzi zetu mchezaji akiisha, aliishia mbele ya macho yetu, mchana kweupe, bila muziki wa huzuni. Siku hizi mpaka watengeneze dokumentari. Binti yangu Neema ana ugonjwa wa hizo dokumentari. Anajikunyata kwenye jiko la mkaa hapa Njombe, blanketi mabegani, simu mkononi, anamlilia bondia wa nchi ambayo hata kwenye ramani hawezi kukuonyesha. Kwanza bondia ni kijana, anapiga watu kama anapura maharage. Halafu linakuja jumba kubwa, magari, kisha magoti yanagoma, naye hataki kuacha, anapanda ulingoni kupigwa na watoto wadogo. Neema anajifuta machozi kwa ncha ya blanketi. "Mama, we huwezi kuelewa." Nisielewe mimi! Mimi niliyemwona Kiberenge!

Ninyi wenzangu mliokwenda shule na jembe begani na mzigo wa kuni kichwani, sogeeni niwasimulie.

Kiberenge alikuwa baba yangu mdogo, Fidelis, mdogo wake baba, winga wa kulia wa timu ya kijiji chetu pale karibu na misheni. Jina alipewa na watu wa Makambako, wanaoishi na reli, kwa sababu akishapata mpira alikwenda moja kwa moja kama kile kigari cha mafundi wa reli: hapindi, hasimami, na ukikaa njiani shauri yako. Watoto wote tulipocheza chandimu kwa mpira wa mifuko ya nailoni, kila mmoja alitaka kuwa yeye. Wavulana hawakutaka msichana, lakini mimi niliwaambia Kiberenge ni baba yangu mdogo na jina ni la ukoo, basi wakanipa upande wa kulia. Jumapili tukitoka misa hatukwenda nyumbani. Tulichomoa viazi vya kuchoma mifukoni, vimeshapoa, tukakaa kwenye nyasi tukimsubiri.

Sasa mnaijua milima yetu. Uwanja ulikuwa umeinama. Goli la juu lilikuwa upande wa kanisa, la chini lilipakana na shamba la viazi la masista. Kipindi cha kuteremka ndicho kilichokuwa cha Kiberenge, na aliyethubutu kumkaba alikuwa na bahati akibaki na viatu vyake.

Miaka ikaenda. Kasi ya kuteremka haikupungua, maana mlima ni mlima. Kilichopungua ni breki. Mpira ulitoka nje, yeye akaendelea. Aliingia kwenye viazi vya masista, akapita tuta moja, la pili, la tatu, kisha akarudi na udongo mpaka magotini huku anapunga mkono kama vile kafunga goli. Sista mkuu akaanza kuja mpirani na fimbo.

Kila mtu aliona. Shida ilikuwa nani amwambie. Kocha, Mwalimu Longino, alikuwa mtoto wa dada yake. Mabeki walikuwa wapwa zake, golikipa alikuwa mtoto wake wa ubatizo. Kwetu mtoto hamwambii mjomba wake "toka, umechoka." Unaanzia wapi? Basi Mwalimu Longino akawa anajaribu kumtoa kwa kumpandisha cheo. "Mjomba, tunaomba uwe nahodha, utuongoze ukiwa nje." Mjomba alishukuru, akafunga kitambaa cha unahodha, akaingia uwanjani. "Mjomba, sasa wewe ni mshauri wa timu." Akashukuru tena, akashauri vizuri tu, huku anakimbia. Baba alisema, "Fidelis ataacha mpira siku mpira utakapomwacha," lakini aliyasema hayo akiwa jikoni. Mimi jioni, rozari ikiisha, niliongeza ombi langu kimyakimya: Baba Mdogo asije akachekwa. Kufungwa tulishazoea, lakini kuchekwa, Mungu wangu, hapana.

Ikaja fainali ya mbuzi, sisi na vijana wa Makambako. Walifika na lori, watoto wa wafanyabiashara na madereva, watu wa kila mkoa, njumu zinang'aa, jezi zote rangi moja. Sisi jezi zilifanana kwa mbali. Wakati wa mapumziko wenzetu walimimina chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa, wakanywa kistaarabu. Sisi tuliletewa mtogwa, yaani ulanzi wa mianzi, bado mtamu, wa asubuhi hiyohiyo, ambao hata mtoto anapewa. Kumbe mwenye dumu hakuosha masalia ya jana, na mtogwa ukikutana na masalia unachachuka bila kuaga. Kipindi cha pili mabeki wetu wakawa wanawapenda watu wote, hata washambuliaji.

Baba Mdogo hakugusa tone. Alijitunza, kwa sababu sasa tulikuwa tunateremka. Akapokea mpira, akaanza safari yake. Mbele yake akasimama taniboi mmoja mwembamba wa lile lori lao, na nadhani kijana wa watu alilelewa vizuri tu, hakuwa na nia mbaya. Alipomwona mtu mzima anamjia, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

Kiberenge akasimama. Ndiyo, akasimama! Mabeki wa wilaya nzima walikuwa wameshindwa kumsimamisha.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Alipofika kwenye "hujambo," mpira ulikuwa umeshaondoka.

Wenzake walijifunza upesi. Kila Baba Mdogo alipogusa mpira, shikamoo ilitoka kulia, nyingine kushoto. Naye angefanya nini? Mtu mzima haachi salamu ya mtoto ikaanguka chini. Aliitikia zote. Uwanja ukaangua kicheko, watu wakashika mbavu, hata Sista mkuu akajifunika uso kwa mkono. Mwalimu Longino akageuka kutazama kanisa. Baba Mdogo akazidi kuomba mpira, "Nipeni! Nipeni!" Hapo nikalia, kiazi bado mdomoni.

Ndipo tukamwona Bibi, mama yake. Bibi hakuwa mtu wa mpira. Alituuliza mara nyingi kwa nini kila mtu asipewe mpira wake wakaacha kugombana. Siku hiyo alitokea upande wa kanisa, khanga kiunoni, sweta zito la kufuma mkononi, akaingia uwanjani moja kwa moja kama anayekatiza shamba lake. Mwamuzi akapuliza filimbi, kisha akaona aibu, akaificha.

"Fidelis," Bibi alisema, wala hakupaza sauti. "Baridi imeingia. Njoo uvae sweta."

Jua lilikuwa linawaka. Baba Mdogo alilitazama jua, akamtazama mama yake.

"Ndiyo, Mama."

Akainama, jinsi alivyokuwa mrefu, Bibi akamvalisha kichwani kama mtoto wa darasa la kwanza, akavuta mikono mpaka ikakaa sawa. Wakaanza kupanda mlima pamoja, polepole. Kicheko kilikatika. Yule taniboi ndiye aliyeanza kupiga makofi, tukafuata wote, na walevi wetu wakapiga kuliko wote. Tulifungwa. Wale vijana walimchinja mbuzi palepale, tukala nao. Baba Mdogo hakucheza tena, na hakuna aliyewahi kumwambia aache.

Sasa juzi Neema kaenda kumrekodi. Dokumentari! Kasimamisha simu juu ya debe la mahindi, kamkalisha mzee juani, eti anataka sehemu ya kuanguka, bila hiyo hainogi.

"Babu, ulijisikiaje ulipoanguka?"

"Mbona nilianguka sana. Waulize masista."

"Hapana, Babu. Mpira ulipokuacha."

"Haukuniacha," akasema. "Niliitwa nyumbani."

Neema hakuridhika, akamwonyesha bondia wake ili aelewe. Siku hizi mchezaji ana kocha, ana daktari, ana wakala, ana mtu wa kumshikia chupa ya maji, na kamera kila pembe zinamngoja aanguke. Bibi yetu tulishamzika, na sweta lile lilichakaa zamani. Baba Mdogo akaishika simu kwa mikono miwili, akamwangalia yule bwana mkubwa akipigwa, akiinuka, akipigwa tena, na watu maelfu wanashangilia.

"Maskini," akasema. "Watu wote hao, na hakuna hata mmoja wa kumwambia baridi imeingia?"