Mwosha wa Busia Ambaye Bado Hajaoshwa

Ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, mjini Busia, mwanamke anaomba radhi.

"Nisamehe, mama. Sasa nakulaza kwa ubavu." Maji yanamiminika. "Baridi? Hapana, nimeyajaribu kwa kiwiko, ni vuguvugu. Haya. Asante. Asante sana."

Hakuna anayemjibu, na ni vizuri hivyo. Nje ya pazia wanaume wameketi kwenye benchi, kofia mapajani, wakiyatazama maji yanayotoka chini ya ukuta na kuingia katika ufuo, shimo lililochimbwa asubuhi hii kuyapokea. Mbwa mmoja analikaribia shimo, ananusa, anabadili mawazo.

Anayezungumza ni Zaitun binti Muzafaru, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, mwosha maiti wa kike wa mji huu tangu kabla ya bendera ya Uhuru. Anayenyamaza ni mteja wake.

Kazi hii haina mshahara. Wafiwa humpa sabuni, pengine sukari, pengine dua. Riziki yake ni maandazi anayouza kando ya uwanja wa malori, ambayo siku njema humwachia shilingi kumi. Madereva wengi hawajui mikono iliyokanda unga huo ilikuwa wapi jana yake, na gazeti hili halioni sababu ya kuwaharibia chai.

Sheria ya mwosha ni moja: kilichoonekana kitandani pa maiti hubaki hapo. Kovu, chale, mimba ambayo mume hakuijua, yote ni amana.

"Huu mji mimi naujua kwa ndani," asema Zaitun. "Lakini usiniulize."

Hata hivyo kuna siri moja anayotaka iandikwe gazetini, kwa sababu ni yake mwenyewe.

Ilikuwa Machi mwaka 1976. Alikuwa akioga nyuma ya nyumba yake ya mabati, baada ya kuosha maiti wawili kwa siku moja. Mwili ulikuwa bafuni, akili ilikuwa imeshalala.

"Mara nikaona mkono wangu unaniosha vile unavyowaosha wao," asema. "Pole pole, kiganja bapa, kitambaa kimezungushwa vidoleni. Nikasikia mtu anasema, 'Nisamehe, mama.' Kumbe ni mimi. Hapo ndipo mkono ukasimama."

Ulisimama juu ya titi la kulia, penye kitu kigumu kama punje ya hindi.

Mkono ulikitambua kabla yake. Ulikuwa umekutana na punje kama hiyo mara kadhaa kwa miaka yote ya kazi, juu ya vifua vya wanawake ambao hawakuweza kusema "hapo panauma." Kwa wengine ilikuwa bado imejificha. Kwa wengine ilikuwa imepasua ngozi, na familia ilifukiza udi mwingi kuliko kawaida.

Waswahili walisema mwosha huoshwa. Hawakusema kwamba kuna siku ataanza kujiosha mwenyewe.

Mumewe, Osman, mpakiaji mizigo mpakani, alimpeleka hospitali kubwa ya mkoa. Daktari alimpima, akapima na kwapa, kisha akasema titi lote liondolewe upesi, kabla uvimbe haujatembea. Zaitun alimshukuru, akavaa buibui lake, akakataa.

Muuguzi wa zamu, Roselida, Msamia mzaliwa wa Funyula, alimfuata hadi mlangoni.

"Mama, kwa nini hutaki?"

"Hili jiwe nalijua. Kila mwenye nalo nimemwona, na wote wamekufa."

"Uliwaona wapi?"

"Kazini."

"Kazi gani hiyo?"

"Kuosha maiti."

Roselida aliweka chini sinia yake ya sindano. "Ai, mama! Basi hata wenye kuvaa viatu wote wamekufa. Si wewe unaona tu wenye wamekufa? Wenye wamepona watakuja kwako kutafuta nini?"

"Wewe binti una mdomo."

"Ni mdomo wa Samia, mama. Hatuuzi, tunagawa tu."

Maneno ya Roselida yalikuwa wazi kwa kila mtu, isipokuwa kwa mtu aliyewashika hao waliokufa kwa mikono yake. Zaitun alirudi Busia, akanunua bafta nyeupe ya kutosha sanda moja, akaikunja, akaiweka chini ya mto. Osman alilalamika kwamba mto umekuwa mgumu. Hakuambiwa kwa nini.

Kisha Zaitun akaanza kumfundisha Nusura, msaidizi wake, mambo ambayo Nusura aliyajua tayari: jinsi ya kusuka nywele za marehemu misuko mitatu, kiasi cha kafuri, namna ya kukunja kitambaa.

"Dada, mbona unanifundisha kama unasafiri?" Nusura aliuliza.

"Shika maji vizuri," akajibiwa.

Kufikia Juni punje ilikuwa imekuwa kokwa. Ndipo wakaitwa Malaba.

Tuseme ilikuwa Malaba. Huenda haikuwa Malaba, na huenda haikuwa Juni. Zaitun alipotaka kulisimulia jambo hili alikwenda kwanza kwa Mwalimu Sulaiti wa msikitini, naye akamwambia, "Jina ni la marehemu. Faida ni ya walio hai." Kwa hiyo msomaji anapewa faida peke yake.

Ukungu ulikuwa umetoka mtoni, ukafunika malori yaliyopangana kungoja forodha, hata zikawa zinaonekana taa tu, zimening'inia hewani bila magari. Marehemu alikuwa bibi mzee sana. Alikuwa amezika waume wawili na kumaliza meno yote. Alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua maharage, akainama, hakuinuka.

"Mama alikuwa chuma," binti yake aliwaambia mlangoni. "Hajawahi kulala hospitali hata siku moja."

Waliingia, wakafunga. Zaitun akamwomba bibi radhi kama ilivyo ada yake, akaanza kumvua. Chini ya fulana ya ndani mkono wake ukagusa kitu laini mahali pasipotakiwa. Ulikuwa mfuko wa kitambaa uliojazwa sufi, umeshonwa kwa uzi wa mkono, umechakaa kwa kuvaliwa. Chini ya mfuko huo kifua kilikuwa tambarare.

Waliangaliana, Zaitun na Nusura.

"Lilikuwa kovu refu, kutoka kwapani mpaka katikati ya kifua," asema Zaitun. "Lakini si kovu lililonishtua. Nimeona makovu. Hili lilikuwa na makunyanzi. Lilikuwa limezeeka pamoja naye."

Kovu halizeeki kwa mwaka mmoja. Mtu fulani, mahali fulani, alimkata bibi huyu zamani sana, pengine kabla ya binti aliyekuwa akilia mlangoni kuzaliwa. Kisha bibi akashona mfuko, akafunga mdomo, akaolewa tena, akaishi.

Kwa miaka yote Zaitun amesema na wafu bila kutarajia jibu. Siku hiyo alilitaka. Aliinama mpaka sikioni.

"Ulikatwa lini, mama?"

Nusura, aliyekuwa ameshika kata ya maji, anaapa kwamba chumba kizima kilingoja. Mkono wa bibi ulikuwa ukining'inia kitandani, umelowa. Tone likaanguka kutoka kwenye kidole. Likafuata jingine.

"Anahesabu," Nusura akanong'ona.

"Nyamaza, Nusura."

"Anakuhesabia miaka, dada."

Matone yaliendelea kuanguka, moja moja, bila haraka, kwa muda mrefu kuliko walivyodhani maji yanaweza kukaa mkononi mwa mtu. Zaitun hakuyakatiza. Yalipokoma, alimfuta bibi, akamvika sanda, akasema asante. Nusura alitoka na mfuko wa sufi ndani ya buibui lake, na mfuko huo haukuonekana tena na mtu yeyote.

Wiki iliyofuata Zaitun alirudi hospitali. Roselida alipomwona alitaka kusema neno.

"Usigawe mdomo leo," Zaitun akamtangulia. "Nipeleke kwa daktari."

Alikuwa na sharti moja: kilichokatwa arudishiwe, maana kipande cha Mwislamu huzikwa, hakitupwi. Osman alikipokea, akakifunga kwa kipande cha bafta iliyokuwa chini ya mto, maana sasa alikuwa ameelezwa. Akakiweka kikapuni, akapanda basi la Busia.

"Mzee, iko nini kwa kikapu?" kondakta akauliza.

"Mke wangu."

Kondakta akatazama kikapu, akamtazama Osman. "Wote?"

"Kidogo tu."

Hakutozwa nauli ya mzigo, na kiti cha jirani yake kilibaki kitupu hadi mwisho wa safari. Alichimba shimo dogo katika makaburi ya Waislamu, akakiweka humo bila swala, akaweka jiwe.

Taabu ilianza baada ya Zaitun kurudi nyumbani. Titi liliwasha. Kidonda kilikuwa kimetulia. Kilichowasha ni titi lenyewe, pale ambapo sasa palikuwa hewa tupu. Alipeleka kucha, akakuta bandeji. Mvua kubwa iliponyesha mchana mmoja, naye amekaa kando ya jiko, alihisi baridi ya udongo mbichi upande wa kulia, upande huo tu.

"Linalowa," alimwambia mumewe.

Osman alifikiri kwa uzito uliostahili. "Niende nikalifunike, ama nikalikune?"

Zaitun alicheka hadi mshono ukamuuma, kisha akalia, na Osman hakujua afanye nini na mikono yake.

Roselida alimweleza kwamba mishipa ya fahamu hukumbuka kiungo hata kikiondoka. Zaitun anakubali maelezo hayo. Mvua ikinyesha, huyakubali kidogo kidogo.

Kwa kuwa hakuweza kuinua mkono, Nusura alikuja kumwogesha. Alipasha maji, akayajaribu kwa kiwiko, akazungusha kitambaa vidoleni. Mikono ya Nusura nayo inajua kazi moja tu. Ilianza upande wa kulia, ikaenda pole pole.

"Nisamehe, mama," Nusura akasema, macho yakiwa mbali. "Sasa nakugeuza. Usiumie."

"Naumia," Zaitun akajibu.

Ndoo ilianguka. Nusura alikuwa amefika kwenye mchungwa wa jirani, kitambaa bado mkononi, kabla hajakumbuka kwamba huyu yu hai. Mpaka leo anasema moyo wake haujarudi mahali pake sawasawa, kwa sababu kwa miaka yote amewaambia watu wasiumie na hakuna aliyewahi kubisha.

Mji haukucheka. Ulisema Zaitun ameweka mguu mmoja kaburini, jambo ambalo si kweli, haukuwa mguu. Wanawake walivuka barabara wakimwona. Familia mbili ziliita mwosha kutoka ng'ambo ya mpaka, zikisema kifo kimemwonja kikamtema, na kinaweza kurudi kumalizia. Maandazi yalilala. Ni madereva pekee walioendelea kununua, kwa kutojua, ambako ndiko huponya biashara nyingi.

Naye alishona mfuko wake. Sufi haikupatikana, akajaza wimbi. Ulikaa vizuri na ulikuwa na uzito wa kuridhisha, mpaka ulipotoboka sokoni na kuku wa mtaa mzima wakamfuata kama bi harusi. Sasa ameushona mara mbili.

Mkono ulirudi kwa shida. Roselida alimfundisha kusimama mbele ya ukuta na kupandisha vidole kama buibui, juu kila siku kuliko jana. Ukuta wa nyumba yake una mistari ya makaa kuanzia kiunoni hadi juu ya mlango. Leo, mwaka 1978, anaweza kumgeuza marehemu akisaidiwa na Nusura. Anataka kufikia Ramadhani aweze kuinua ndoo iliyojaa kwa mkono wa kulia.

Daktari humwona kila baada ya miezi michache. Hupima kwapa, kisha husema, "Leo hakuna kitu." Hajamwahidi la kesho, na Zaitun hajaliomba.

Alichofanya ni kuvunja ukimya wake mwenyewe. Siku za darasa la wanawake msikitini, dua ikiisha, hufunga mlango, hufungua vifungo, huwaambia waje waguse kovu. Mwanzoni walitazama dari. Mmoja alizimia. Siku hizi wanagusa, wanauliza, wengine wanarudi nyumbani wakiwa na mikono ndani ya mabuibui yao, wakitafuta.

Jumanne iliyopita aliyemjia hakuwa wa darasani. Alikuwa Alupo, mwanamke wa Kiteso kutoka Amagoro, auzaye viazi vitamu kando ya meza yake ya maandazi. Alimvuta nyuma ya magunia, akauchukua mkono wa Zaitun, akauweka kwenye titi lake la kushoto. Mkono ulisimama.

Jumatatu ijayo watapanda basi pamoja kwenda kwa daktari. Nauli ipo, na Nusura atauza maandazi na viazi. Kilichobaki ni Alupo mwenyewe, ambaye anafunga na kufungua gunia lile lile tangu asubuhi.

"Mama Zaitun, na wakinikata halafu nikufe?"

"Nitakuosha mwenyewe. Kwa maji ya vuguvugu."

"Utaniosha aje na mimi ni wa kanisa?"

Zaitun anageuza andazi mafutani, analitazama likiumuka.

"Basi," asema, "itabidi uishi."