Jirani kwa Kihispania

Kihispania nilikiokota hotelini Diani, kwenye meza ya mapokezi, na ndicho kilichonifanya niombwe kumtafsiria mgeni mmoja aliyetaka kuonana na diwani mwenzake. Yeye kwao ni diwani wa kijiji kidogo cha milimani, Uhispania. Wetu siku hizi ni mwakilishi wa wadi, lakini thubutu umwite kitu kingine zaidi ya mheshimiwa.

Alitukaribisha vizuri, kwa madafu. Mgeni akaeleza kazi yake. Hana dereva wala mlinzi. Mchana anauza dawa dukani kwake, jioni ndipo huenda kwenye vikao. Vijana wamehamia mijini, wamebaki wazee. Kila asubuhi hupita akitazama madirisha, na lisilofunguliwa huligonga.

"Nina majirani wachache," alisema, "nawajua wote."

Mheshimiwa akacheka. "Majirani? Muulize, wananchi wake je?"

Nikamfafanulia kwamba kule, katika mambo ya baraza, mkazi yeyote huitwa jirani, hata akiwa kahamia jana. Neno hilo lilinichoma. Mimi naishi hapa Diani, njia ya Bongwe, tangu ujana, mvi zimeniotea pale pale, na dukani bado ni "yule wa bara". Hilo huniuma, sifichi.

Mgeni akaninyooshea kidole. "Na huyu, ni jirani yako?"

Ikanibidi nitafsiri swali linalonihusu mwenyewe. Nilifanya hivyo nikitazama chini, na kusema kweli jibu nililitaka kuliko yeye.

"Kwani waishi wapi, bwana?" mheshimiwa akaniuliza.

"Hapa hapa, mheshimiwa. Wadi yako."

"Sawa. Lakini kwenu hasa ni wapi?"

Nikataja kwetu. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kana kwamba mambo yamekwisha kueleweka. "Basi mwambie wewe ni mgeni wetu, nasi twakuheshimu sana."

Nikatafsiri. Mgeni hakuridhika, nadhani alikuwa bado na madirisha yake akilini.

"Huyu akiugua chumbani peke yake," akauliza, "nani atajua?"

Mheshimiwa alifikiri kidogo. Hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililonikasirisha.

"Mwambie asiwe na wasiwasi. Watu wako watakuja kukuchukua."

Nilianza kutafsiri neno kwa neno, kama kazi inavyotaka. Nilipofika kwenye "watu wako" nikaiacha sentensi nusu. Wote nimeshawazika.