Treni ya Nachingwea Juu ya Meza ya Kukatia Nguo

Mimi ni fundi cherehani hapa Nachingwea, na ninatengeneza treni ndogo. Wateja wakija kupimwa gauni hukuta kichwa cha treni juu ya meza ya kukatia, na wengine hucheka. Wacheke tu. Nguo zao huwa tayari siku niliyosema, jambo ambalo si kila fundi anaweza kuliapia.

Nimo kwenye kundi la wasapu la watu wenye ugonjwa huu. Wapo Dar, Morogoro na Tabora, na kila mmoja hutuma picha za treni zake. Yupo aliyechonga milima mizima, yupo aliyeweka taa kwenye mabehewa. Mabehewa yangu ni makopo ya maziwa, magurudumu ni vifungo vya koti.

Mwaka jana niliamua kutengeneza stesheni ya Nachingwea. Waingereza walioleta mradi wa karanga walifikisha reli hapa, kisha mradi ukafa na reli ikang'olewa. Mama aliiona akiwa mtoto, maana baba yake alikuwa kibarua wa reli. Tulipokuwa wadogo alitusimulia, nasi tukamcheka na kumwita Mama Treni. Jina hilo nililianzisha mimi. Mwisho alichoka, akaacha kusimulia. Linaniuma mpaka leo, na ndiyo sababu nilitaka aione stesheni hii, ajue kwamba namwamini.

Kokoto za njia zilinitoa jasho. Nilijaribu mchanga, ukaonekana vumbi tupu. Wakati wa mavuno nikachukua ufuta, nikaubandika kwa uji wa muhogo, na picha ikatoka safi hata kundi zima likasifu. Siku ya pili sisimizi walikuwa wamehamisha nusu ya njia, kuku akamalizia. Mtoto wa mkulima mzima nimeacha ufuta wazi! Nikaponda vigae vya chungu, nikaanza upya.

Nilipotuma picha ya stesheni iliyokamilika, mjumbe mmoja wa Dar aliandika kwamba Nachingwea haijawahi kuwa na reli. Alishapita huku kwa basi na hakuona hata kipande cha chuma. Akamalizia: "Dada, kama ilikuwepo, reli ziko wapi?" Wengine wakaweka vikaragosi vya kucheka. Niliandika jibu refu, nikalifuta, kwa sababu hata mimi sikuwa na jibu la swali lake. Isitoshe, alikuwa anacheka vilevile nilivyomcheka mama.

Jumamosi nilifunga treni na njia yake kwenye kitenge, nikapanda bodaboda hadi Matambarale, upande wa Ruangwa, anakoishi mama. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, nikapanga vyote juu ya mkeka, nikamweleza waliyosema kundini. Kisha nikamwomba msamaha kwa lile jina. Aliinama juu ya treni.

"Umeigeuza," akasema. "Hii inakuja. Ya mwisho ilikuwa inaondoka."

Akanieleza kwamba babu na wenzake walianza kung'oa reli kutoka huku Nachingwea. Kila kipande walichokifungua nyuma ya treni walikipakia kwenye mabehewa, treni ikasogea mbele kidogo, wakafungua kingine.

"Treni ilizibeba reli zake yenyewe, mwanangu. Ikipita, nyuma yake hamna njia."

Akaacha mahindi, akaanza kung'oa nyaya nilizozilaza kama reli, moja moja, na kuzipanga juu ya mabehewa. Miezi mitatu ya kazi ilikuwa inabanduka mbele ya macho yangu. Akaigeuza treni ikatazama upande wa pili. Nyuma yake akaacha tuta tupu la vigae.

"Piga sasa."

Nikapiga picha, nikaituma kundini na maneno matatu tu: reli hizo hapo.

Simu ikaanza kulia, ikalia tena na tena. Niliilaza kifudifudi kwenye mkeka, kwa sababu mama alikuwa ameanza kusimulia.