Fundi rangi aliyesaini kwa namba ya marehemu baba yake

Saa moja kasorobo asubuhi, nje ya nyumba mpya kusini mwa mji wa Lubbock, Texas, Odilia Barrera amekaa ndani ya gari lake la kazi. Siku nyingine, saa hizi angekuwa ameshabandika utepe madirishani na anapiga msasa ukuta wa kwanza. Leo ana karatasi pajani na kalamu mkononi, na haandiki.

Ni fomu ya ukurasa mmoja ambayo fundi wa kujitegemea humpa mkandarasi anayemgawia kazi. Inataka namba moja tu ya kodi: yako binafsi au ya biashara. Msimamizi wa mkandarasi, Wade Tuttle, anaitaka kabla ya saa sita mchana. Asipoipata, atamkata asilimia 24 ya malipo kwa ajili ya kodi, na nyumba sita zilizobaki, ambazo ni kazi ya mpaka Krismasi, atampa fundi mwingine.

"Kalamu nimeishika tangu alfajiri, kaka," Odilia, mwenye miaka 47, anamwambia mwandishi wa habari hii. "Si kwamba sijui kuandika. Ni woga."

Namba binafsi anaiogopa kama ugonjwa. Miaka mitano iliyopita aliijaza kwenye fomu kama hii, kwa mkandarasi mwingine. Msimamizi wa huko alirundika fomu za mafundi wote ndani ya gari, gari likavunjwa usiku na fomu zikaibwa. Mtu asiyemjua akakopa kwa jina lake katika jimbo ambalo Odilia hajawahi kulikanyaga. Kwa miaka miwili wadai walimpigia simu mpaka akawa anaruka kila ikilia.

Kwa hiyo, Februari, alipopata kazi ya Tuttle, alifanya jambo ambalo mtoto wa fundi tu angelifanya. Baba yake, Eusebio, aliyefariki miaka minne iliyopita, alimwachia ngazi, brashi, wateja na namba ya biashara aliyoichukua mwaka 1988. Odilia akaiandika hiyo, kisha akasaini pale chini panaposema kuwa kudanganya ni kosa la jinai.

"Wallahi sikuona kama ninadanganya. Ngazi zake natumia, kwa nini namba yake nisitumie? Wateja wenyewe wakipiga simu bado wanamuulizia mzee Barrera."

Jumatatu wiki hii ikaja barua kutoka ofisini kwa Tuttle: jina na namba havilingani, ajaze fomu upya. Shemeji yake Beto, fundi bomba, aliisoma mezani watu wakila maharage, akamtania.

"Ama kweli shemeji, umemfufua mzee aje alipe kodi!"

Wote wakacheka. Odilia akaacha sahani yake, akatoka uani.

Jana alikwenda maktaba ya mtaa, ambako mkutubi, Mama Lorene Pruitt, alimsaidia kwenye kompyuta. Hapo ndipo alipojua kwamba namba ya mtu anayefanya kazi peke yake hairithiwi, na kwamba namba ya biashara ya kwake mwenyewe angeipata bure. Haikuchukua hata robo saa.

"Iliniuliza mwenye biashara ni nani," anasimulia, sauti imeshuka. "Nikatafuta pa kumweka baba. Hapakuwepo."

Ungedhani yameisha. Wapi! Fomu ya Februari bado ipo ofisini kwa Tuttle na saini yake chini. Beto kamshauri akae kimya, nani atajua. Mama Pruitt kamwambia amweleze msimamizi ukweli, na aiandikie idara ya kodi kwamba mwenye namba ile amefariki, akiambatanisha cheti cha kifo.

"Nikinyamaza naogopa. Nikisema naogopa zaidi," anasema.

Saa tano na nusu anajaza namba yake mpya, anashuka, anampa Tuttle fomu. Tuttle anaisoma, anauliza ile ya kwanza ilikuwa ya nani. Odilia anamwambia yote, macho chini.

Msimamizi anaisoma fomu mara ya pili. Mwishowe anasema suala hilo si la kwake, ataliwasilisha ofisini, jibu litakuja wiki ijayo na hawezi kumwahidi chochote. Kisha anamwambia jikoni kunasubiri rangi.

Odilia anaingia jikoni, anafungua kopo na kuanza kukoroga. Rangi inamwagikia viatu, naye anaendelea. Barua ya kwenda idara ya kodi ameshaiandika. Kesho asubuhi ataipeleka posta pamoja na cheti.

Mwandishi anamuuliza kama haoni bora angesubiri kwanza jibu la ofisi. Anatikisa kichwa.

"Wakija kunitafuta, waje. Naogopa sana, sitakuficha. Lakini watanikuta mimi. Baba wamwache apumzike."