Drili ya Tata Iliyokosa Swichi

Ninyi vijana mtakaosoma haya, someni polepole, maana hata mimi niliandika polepole. Shule niliiacha darasa la tano, na sababu mojawapo mtaiona hapa mbele. Msinihurumie. Nawaambia tu mambo yalivyokuwa, kwa sababu walioyajua pamoja na mimi wamelala chini, na nimechoka kuyabeba peke yangu.

Juzi niliteremka Nyamira kutafuta dawa ya magoti. Nje ya duka moja fundi alikuwa akitoboa mlango, na drili yake ikatoa harufu. Siyo ya mbao. Mbao ikipitiwa na chuma cha moto hunukia kama mkate ulioungua upande mmoja, na mimi naipenda. Hii ilikuwa ile nyingine, ya nyaya na plastiki inayoiva ndani kwa ndani, kama nywele zilizoguswa na moto. Inakaa nyuma ya ulimi, ukitema mate haitoki. Nilisimama. Mwanamke mmoja akaniuliza kama magoti yamekataa. Nikamwambia yako sawa, aende zake. Lakini sikuwa Nyamira tena. Nilikuwa Kisii mjini, mtoto wa darasa la tatu, nimechuchumaa ukutani na plagi mkononi.

Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwetu, alikuwa fundi wa mbao. Nyumbani kwetu ni upande wa Nyacheki, na siku hizo huko kwetu usiku tuliwasha koroboi. Stima ilikuwa mjini tu. Kwa hivyo tata alikodi chumba nyuma ya nyumba ya Mama Sefu, mama Mwislamu ambaye mumewe aliuza nguo mjini. Wiki nzima tata alifanya kazi huko, na Ijumaa alirudi nyumbani mapema kabla jua halijashuka, kwa sababu sisi ni watu wa Sabato na mama hakutaka kusikia habari ya msumeno baada ya hapo.

Drili yake ilikuwa ya chuma kitupu, nzito kama mtoto aliyelala. Aliinunua kwa fundi mwingine aliyekuwa akihama. Ilikuwa na waya mrefu wa kuchomeka ukutani, na kwenye mpini ilikuwa na swichi, ile unayofinya kwa kidole cha shahada. Ukifinya inazunguka, ukiachilia inasimama. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa. Lakini ilipofika kwetu ilikuwa imefinywa na vidole vya watu wengi, imelegea kama jino la mtoto. Mara ikatae mpaka uifinye kwa nguvu za kukama ng'ombe mkaidi. Mara ukiachilia iendelee yenyewe. Tata aliipuliza, akaigongagonga, akaifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Mwisho wake ikafa kabisa. Ndipo akafungua mpini, akaruka ile swichi, akaunganisha waya kwa waya.

Sasa drili ilikuwa haina adabu. Plagi ikiingia ukutani, inanguruma hapo hapo. Haisimami mpaka plagi itoke. Na soketi ya Mama Sefu ilikuwa ya zamani, haina cha kuzimia, tena iko kwenye kona, mbali na meza ya kazi. Tata angefanya nini? Hawezi kushikilia mbao, ashikilie drili, na akimbie ukutani. Alihitaji mtu.

Kaka yangu alikuwa karibu na mtihani, hakuguswa. Mdogo wangu alikuwa bado mgongoni mwa mama. Nikabaki mimi. Mama aliuliza, "Na shule ya Kemunto?" Tata akamjibu, "Ni mpaka nipate swichi nyingine. Naitafuta." Mama akaendelea kupepeta wimbi. Neno la mwanamume aliyesema anatafuta lilikuwa limefunga mazungumzo.

Basi nikaenda mjini. Na msidhani nililia. Niliona nimechaguliwa. Wenzangu walibaki wakichapwa kwa sababu ya hesabu, mimi nakula mahamri kwa Mama Sefu asubuhi. Kiswahili hiki mnachosoma nilikiokota pale uani kwake, nikilala na binti zake, nikichota maji nao. Walinicheka nikisema "mguu yangu". Nami niliwacheka walipojaribu kutamka jina la kijiji chetu.

Kazi yenyewe ilikuwa maneno mawili. Tata anasema "Weka," naweka. Anasema "Toa," natoa. Kati ya hayo mawili nakaa kimya nikitazama bega lake, maana drili ilipiga kelele kuliko sauti yake na niliogopa kupitwa. Baadaye sikuhitaji kusikia. Bega likilegea, natoa. Aligeuka akaniangalia mara ya kwanza nilipofanya hivyo, akasema, "Mh." Tata hakuwa mtu wa kusifu. Ile "Mh" nilitembea nayo wiki nzima.

Soketi ilikuwa ikitoa cheche kidogo, buluu, kila nilipochomoa. Vidole vyangu vilinukia ile harufu niliyowaambia. Nilinawa kwa majivu, ikabaki.

Mvua ya kupanda ikaja, ikaisha. Mahindi yakavunwa. Swichi bado inatafutwa. Mwalimu wetu alimtumia mama habari kwamba nafasi yangu darasani inashikiliwa mpaka shule ifunguliwe Januari, baada ya hapo atapewa mwingine, watoto ni wengi na madawati ni machache. Mama akamwambia tata. Tata akasema amesikia. Mama Sefu naye alikuwa na maneno yake. Siku moja alisimama mlangoni na ungo mkononi, akatutazama mpaka drili iliponyamaza.

"Fundi," akasema, "huyu mtoto ana mshahara?"

"Ni mtoto wangu, Mama Sefu."

"Najua ni wako. Nauliza kwa sababu naona umemtundika ukutani kama taa."

Tata akacheka kidogo. Mimi pia nilicheka. Mama Sefu hakucheka.

Siku ya mkasa, stima ilipotea asubuhi. Tata alikuwa katikati ya kitanda cha mteja, akaona atumie nafasi hiyo kubadilisha ile ncha ya kutobolea, aweke nyembamba zaidi. Akaipakata drili mapajani, akachukua ufunguo wake mdogo wa kulegezea mdomo.

Nikauliza, "Tata, nitoe?"

"Utoe nini na stima haiko? Kaa."

Nikakaa. Nilikuwa mtoto anayetii. Ufunguo ulikuwa ndani ya mdomo wa drili, mkono wa tata juu yake, na stima ikarudi.

Sitawaeleza yote. Drili iliruka mapajani kama mbuzi aliyeona chui, ufunguo ukazunguka na kidole chake cha shahada. Nilichomoa plagi bila kuambiwa. Hakuna aliyesema "Toa". Kukawa kimya, na katika ule ukimya nikasikia tone la kwanza likianguka kwenye vumbi la mbao. Lilifanya sauti ndogo sana. Mama Sefu aliingia, akavua mtandio wake wa begani na kuufunga ule mkono, akampeleka hospitali yeye mwenyewe.

Jamaa walikuja kutuona Sabato alasiri, baada ya kanisa. Chai ilitoka, ndizi zikatoka. Shangazi yangu mkubwa, dada yake tata, alitazama ile bandeji, akanigeukia.

"Na huyu alikuwa wapi? Si kazi yake ilikuwa kuangalia plagi?"

"Watoto wa siku hizi," mwingine akasema, "unamweka hapa, macho yanaenda kule."

Nilimtazama tata. Nilingoja aseme, "Aliniuliza, nikamwambia akae." Maneno machache tu. Tata alinywa chai yake kwa mkono wa kushoto, akatazama nje migomba. Mama akaniita jikoni nikalete maji, na maji yalikuwa hayahitajiki. Tangu siku hiyo kila mtu kwetu alijua ni Kemunto aliyemvunja babake kidole. Watu wazima wakisema jambo mara moja mbele ya chai, limekuwa.

Tuliporudi mjini, Mama Sefu alikuwa amekwisha amua. Alitukuta mlangoni. "Fundi, nyumba ni yangu na ukuta ni wangu. Hiyo drili haitaingia ukutani kwangu bila swichi. Na mume wangu amekuletea hii." Mumewe alikuwa ameenda Kisumu kuchukua mali ya duka, akaipata huko bila hata kuzunguka. Ilikuwa ndani ya karatasi ya kaki, ndogo, nyeusi, haijai kiganja changu. Niliitazama sana. Hiki kitu ndicho tata alikuwa akikitafuta tangu kupanda mpaka kuvuna.

Mkono wake haukuweza kushika bisibisi. Akaniketisha mezani, akasema nitafungua mimi. Kwanza alichukua plagi akaiweka juu ya dirisha, mahali tunapoiona sote wawili. "Sasa fungua. Ukifungua, usiguse kitu. Tazama kwanza." Nikatoa skrubu za mpini, nikazipanga kwenye kifuniko cha mkebe wa chai. Mpini ukaachana vipande viwili kama ganda la maharagwe. Ndani mlijaa unga wa mbao ulioshikana na grisi. Nikaupuliza, nikausafisha kwa brashi ya viatu. Ile swichi mfu ilikuwa bado imelala mle. Alinifungulia tumbo lake nione: vile vipande vya shaba vinavyogusana vilikuwa vimeliwa na moto, vyeusi kama ukoko wa ugali.

"Waya huu unatoka ukutani. Huu unaenda kwa mashine. Usizichanganye."

Niliomba uzi mwekundu kwa binti za Mama Sefu, nikafunga zile za ukutani, kama tunavyofunga mafungu ya mboga ya watu wawili yasichanganyike. Tata akasema, "Mh." Nikakata ncha zilizoungua, nikamenya, nikasokota kila uzi mdogo wa shaba usibaki nje hata mmoja, nikaingiza, nikakaza. Akavuta kila waya kwa mkono wa kushoto kuona kama unatoka. Haukutoka. Nikaupitisha waya mkubwa kwenye kibanio chake, nikalaza zile nyingine zisibanwe na mpini, nikafunga. Mama Sefu alikuwa ameteleka chai tulipoanza. Tulipomaliza ndiyo kwanza ilikuwa inachemka.

Tata akanituma niweke plagi. Nikaweka, nikajikaza kwa mngurumo. Hakukuwa na kitu. Drili ilikaa kimya mezani, na plagi iko ndani. Sikuwahi kuona hivyo. Akafinya, ikazunguka. Akaachilia, ikasimama.

Lakini alifinya kwa mkono wa kushoto. Akajaribu ule wa kulia, na kidole hakikupinda. Hakikupinda tena mpaka tukamzika. Mimi nilikuwa nimekwisha fika mezani. Niliweka kidole changu pale kwenye swichi mpya, chini ya kiganja chake. Nilikuwa na furaha, nawaambia ukweli. Niliona tutafanya hivyo: yeye ashike, mimi nifinye.

Aliutoa mkono wangu. Si kwa hasira, aliutoa tu, kama unavyotoa mkono wa mtoto kwenye sufuria. "Nenda kwa mama yako," akasema. "Huku huna kazi tena. Januari nisikuone mjini."

Nilijua ni kwa sababu ya kidole. Nilijua anaamini maneno ya shangazi. Nilirudi nyumbani na moyo mdogo kama punje ya wimbi, nikarudi darasani, nikakaa na watoto niliowapita urefu. Nilikuwa nimesahau mengi. Nilivumilia mpaka darasa la tano, mama akaugua, nikaacha.

Mwaka ule tata alitengeneza mabenchi ya kanisa letu. Aliyatoboa kwa mkono wa kushoto, peke yake. Matundu yalienda kombo. Watu wakisimama kuomba, mabenchi yalicheza yote kwa pamoja, kishindo kama ng'ombe wanavuka daraja. Vijana walicheka. Mzee wa kanisa alimwambia mbele ya watu, "Fundi, haya umetengeneza au umeota?" Tata, ambaye hapo awali meza zake ungeziwekea maji yasimwagike, akasema atarekebisha. Nami nilikaa upande wa akina mama nikiona aibu kwa ajili yake. Nilijiuliza kwa nini hakuniita. Kidole changu kilikuwepo.

Nilikuwa nimezaa watoto wanne ndipo nikaelewa, tena nikiwa shambani nachuma majani chai, sikuwa nafikiria habari hiyo. Alikuwa na njia ya kunibakiza pale kwa miaka mingine. Kidole changu kilikuwa chini ya kiganja chake, kinacheka, kinataka. Alikiondoa, akaacha kazi yenye jina lake iende kombo mbele ya kanisa zima. Hayo ndiyo maneno niliyongoja siku ile ya chai. Hakujua kuyasema kwa mdomo.

Sisemi alitenda vyema. Alichelewa, na kuchelewa kwake ndiko kulikonila mimi. Kitu cha muda wa chai kuchemka kilingoja misimu. Na shangazi alikufa akiamini ni mimi. Siku nyingine ninaposikia hivi magoti yanauma, nachoka na wote wawili, tata na yule mtoto aliyefurahi kuchaguliwa.

Stima ilipofika kwetu, wanangu wakaanza kuleta mashine zao, niliwaita wote sebuleni, na wake zao, nikawaambia hivi: katika boma hili chombo kikiharibika kitawekwa chini ya kitanda changu mpaka kitengenezwe, hata kama mteja amesimama mlangoni. Kazi italala. Mtoto atakwenda shule.