Landrova Iliyokatwa Sikio

Siku nyingi zimenipita bila kuacha hata vumbi, mwanangu, lakini iko moja haijanitoka: siku bibi mmoja wa Endagikot alipoketi chini mbele ya Landrova inayonguruma, akasema hasogei. Juzi nimeikumbuka tena pale kijiweni kwa bodaboda, kwa sababu ya kofia.

Huenda habari ya kofia umeshaisikia. Kijana mmoja aliinunua mnadani kwenye mitumba. Ni nyekundu, ina msalaba wa bluu wenye nyota nyeupe, na pembeni picha ya gari la mashindano ya Marekani, yale magari yenye umbo la gari la kawaida ila yamejaa matangazo kama ukuta wa duka. Mwenzake akamwambia aivue, kwamba ile ni bendera ya watu waliopigana vita ili weusi waendelee kuwa watumwa, na siku hizi hata wenye mashindano wamekataza isipeperushwe viwanjani kwao. Wa kofia akajibu kwamba huko huko Marekani wako wanaosema ni kumbukumbu ya babu zao tu, na yeye anapenda magari, hana habari na vita vya mtu. Simu zikatolewa, kila mmoja akatafuta wa kumuunga mkono, na abiria wakachoka kusubiri wakaondoka kwa miguu. Waliponiuliza mimi nilisema nitajibu kwa maandishi, maana chai yangu ilikuwa inapoa. Jibu ndilo hili.

Shule niliiacha mapema, mwanangu, na wala sikufukuzwa. Niliona barabara inapita nje ya dirisha nikataka kujua inaishia wapi. Haikuishia. Nimechunga, nimekusanya chumvi, nimebeba magunia ya vitunguu, nimelala kwenye nyumba za watu ambao majina yao sikuwahi kuyajua vizuri. Katika kuzunguka huko nilifika Katesh, nikaingia kibanda cha video. Siku hiyo mwenye kibanda alikosa mkanda wa ngumi, akaweka mashindano ya magari. Yalikwenda kushoto, halafu kushoto, halafu kushoto tena. Wenzangu walisinzia. Mimi nilitoka mle ndani kama mtu aliyeokoka.

Habari hiyo njema niliipeleka kwa Baran. Baran alikuwa na Landrova ya kijani iliyotushusha sisi Wairaqw wa juu kwenda mnadani Dirma na kuturudisha jioni. Mpinzani wake alikuwa Landrova ya bluu ya Katesh, kipenzi cha Wadatoga wa tambarare. Kiangazi, ziwa la chumvi likikauka, linaacha uwanja mweupe ambao hata mlevi hawezi kugonga kitu, na hapo magari hayo mawili yalikuwa yakikimbizana baada ya mnada kabla kila moja halijashika njia yake. Mimi nikawashauri madereva waweke mapipa na kuyazunguka, kushoto tu, kama Marekani. Walikubali. Abiria walibaki ndani na kuku wao na magunia yao, na hakuna aliyetaka kushuka. Ushabiki ulikolea mpaka jirani yetu mmoja akakataa kula kwa shemeji yake, eti nyumba ile inashangilia bluu.

Sasa Baran alitaka kupendwa pande zote mbili. Nilikuwa nimemweleza kwamba magari ya Marekani yamechorwa alama kila mahali, basi siku moja ya mnada akanunua kopo la rangi nyeupe, akamwita Gejaru. Gejaru alikuwa kijana wa Gehandu, Mdatoga, rika langu, mshabiki wa bluu tangu utosini.

"Nikichora alama yenu mlangoni, mtanishangilia?" Baran akamuuliza.

"Alama gani?"

"Yoyote. Iwe ya watu wenye mbio."

Gejaru akafikiri kidogo, akainama akachora mchangani kitu kama ndoana yenye mikwaruzo mitatu juu yake. Akasema hiyo ndiyo chapa waliyoitumia babu zake enzi za vita vya ng'ombe, na kwamba walioibeba hawakuwahi kushikwa na mtu. Unajua mwenyewe, huku kwetu ng'ombe husomwa ubavuni, na mtu wa tambarare akiona chapa anakutajia ukoo, na wakati mwingine na ugomvi. Baran akaichora milango yote miwili, kubwa kama sinia. Vijana wa tambarare walipoiona walipiga miluzi, na kundi zima likahama kutoka bluu kuja kijani. Baran alinikonyeza. Nami nilijiona nimeleta maendeleo.

Jioni tukasogeza magari ziwani. Abiria wa juu wakaja na mizigo yao, na miongoni mwao alikuwa Bibi Paskalina, mjane wa Endagikot, mwimbaji wa kwaya, mtu wa kucheka. Alikuwa amebeba mfuko wa chumvi kichwani. Akaukaribia mlango, akasimama. Kisha akautua mfuko mbele ya gari, akaukalia.

"Bibi, shikamoo, gari linataka kuondoka," nikamwambia.

"Marahaba. Liondoke."

"Umekaa mbele yake, Bibi."

"Najua nilipokaa. Wewe si mtoto wa Qamara? Baba yako anapalilia peke yake na wewe uko huku unazungusha magari."

Watu wakacheka, nami nikatamani ardhi ya chumvi inimeze. Lakini nilikuwa na tabia ya kuuliza, na nikamuuliza alama ile imemkosea nini. Akanijibu bila kupandisha sauti. Alipokuwa msichana mdogo baba yake alimpa ndama jike mwenye paji jeupe, awe wake mwenyewe. Kisha ng'ombe wa zizi zima wakachukuliwa na watu wenye mikuki. Baba akashuka tambarare kuwatafuta, akamwona yule ndama kwenye maji, na ubavuni ana ndoana ile na mikwaruzo ile, kidonda bado kibichi. Akamwita kwa jina. Ndama akageuza kichwa.

"Akageuza kichwa," Bibi akarudia. "Na baba akashindwa kumchukua, maana wenye mikuki walikuwa wamesimama pale. Alirudi nyumbani akaniambia, na siku hiyo ndiyo nilijua kwamba baba analia. Sasa ninyi mnataka nipande juu yake nirudi nyumbani."

Gejaru, ambaye hakuwa kijana mbaya, akasema kwa heshima, "Bibi, sisi hatumtukani mtu. Ile ni historia yetu."

"Ni historia yenu, mjukuu wangu. Lakini ndama wangu yumo ndani yake."

Kutoka hapo mambo yakaharibika. Wa juu wakasema alama ifutwe. Wa tambarare wakasema ikifutwa, aliyefuta amewafuta babu zao. Mmoja akakumbusha kwamba wa juu nao walichoma maboma enzi hizo na mpaka leo wana nyimbo zake, na mwingine akajibu kwamba nyimbo hazijachorwa mlangoni. Niliona fimbo zikihama kutoka kwapani kuja mkononi. Baran naye aliona Landrova yake ikiwa katikati ya fimbo hizo.

Hapo nikaleta ushauri wangu, na naomba usicheke sana. Nilisema alama ibaki mlango wa kulia tu. Kwa kuwa gari linazunguka kushoto, mlango wa kulia hutazama nje siku zote, kwa hiyo wa juu wasimame ndani ya mduara, wa tambarare nje, na hakuna atakayeona asichotaka. Niliichora hata chini kwa kidole.

Bibi Paskalina akautazama mchoro wangu kwa muda mrefu. "Yaani mimi nizungushiwe magari kama mbuzi wa kamba, ili mlango usinione?"

Mwanangu, nimekuwa nikisikia ushauri wa namna ile kwa wakubwa mbalimbali tangu siku hiyo, na kila mara naukumbuka mduara wangu.

Aliyetuokoa alikuwa Mzee Gidabay, baba mkubwa wa Gejaru, ambaye mtu alikuwa amekimbilia kumwita kwenye mifugo. Alikuja taratibu, mrefu, shuka yake begani. Akampa Bibi salamu kamili, ya nyumba, ya watoto na ya mvua, kana kwamba hakuna gari wala watu. Akasikiliza habari ya ndama mpaka mwisho. Kisha akaiendea Landrova, akaikagua kama mtu anayenunua dume. Akapapasa boneti. Akapiga gurudumu teke. Akainama kutazama chini ya tumbo, ambako mafuta yalikuwa yanadondoka, akatikisa kichwa. Mwisho akaweka kiganja juu ya ile chapa.

"Nani amemchapa huyu?"

"Mimi, mzee," Baran akasema. "Kwa heshima tu."

"Umemchapa chapa ya nyumba yangu."

"Ndiyo, mzee."

"Mbele ya watu wote hawa, wameona?"

"Wameona."

"Basi ni wa kwangu."

Baran akacheka. Akacheka tena kidogo, akatazama huku na huku akitafuta wa kucheka naye, na upande wa tambarare hakukuwa na jino lililoonekana. Kule mnyama ni wa mwenye chapa, na Baran mwenyewe ndiye aliyeshika brashi.

Mzee Gidabay akamgeukia Bibi. "Mama, nyumba yangu ina ndama wako. Yule siwezi kumtoa, alishakufa, na watoto wake wametawanyika. Ninaye huyu. Paji lake si jeupe, lina kutu. Mchukue, urudi naye kwenu."

Bibi Paskalina akaitazama Landrova. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akauliza, "Anatoa maziwa?"

"Anatoa moshi," Mzee akasema.

Hapo ndipo kicheko kilipoanza, mwanangu, kutoka pande zote mbili. Bibi alisimama na kuikung'uta chumvi kwenye nguo. Gejaru peke yake alikuwa amenuna.

"Baba mkubwa, chapa itafutwa? Babu zetu je?"

"Babu zako hawako mlangoni. Njoo nyumbani nikusimulie habari zao, zote, na ya huyu ndama ikiwemo. Maboma yetu yaliyochomwa nayo tutamsimulia mama siku akitutembelea. Sasa chukua kitambaa."

Gejaru akalowesha kitambaa kwa petroli, akafuta milango yote miwili, na kazi hiyo hakumwachia mtu. Alipomaliza, Bibi akasema kwao baba hakuwachapa ng'ombe kwa moto, aliwakata sikio kuwa alama. Tukazunguka gari kutafuta sikio. Mwishowe Mzee Gidabay akaonyesha ule mpira unaoning'inia nyuma ya gurudumu kuzuia matope. Akaukata mwenyewe ukingo kwa kisu, pembe moja safi, huku Bibi akimwelekeza, "Hapana, juu kidogo. Hapo."

"Na mimi je?" Baran akauliza, sauti yake imekuwa ndogo.

"Wewe utaendelea kumchunga," Bibi akamwambia, akapanda kiti cha mbele.

Mashindano tuliyafanya, na tulishindwa vibaya. Mzunguko wa kwanza tulikuwa mbele, Gejaru na mimi tumening'inia nyuma tunapiga bati kama vichaa. Mzunguko wa pili Bibi akamgonga Baran begani kwa fimbo, akamwamuru apunguze, kwa kuwa hawezi kuruhusu ng'ombe wake akimbizwe mpaka achoke na nyumbani bado ni mlima. Baran akapunguza. Bluu ikatupita ikipiga honi. Wa juu na wa tambarare walibishana juu ya uamuzi ule hadi giza, ila safari hii walikuwa wamekaa kwenye magunia yale yale.

Bibi Paskalina hakulipa nauli tena. Kila mnada alilizunguka gari kwanza, akautazama ule mpira, ndipo akapanda. Siku alipozikwa, watoto wake walitaja mifugo aliyoacha, na mmoja akasema, "Na yule wa Baran." Mzee Gidabay alikuwepo msibani, na ndiye aliyeitikia kabla ya wengine.

Basi jibu langu kwa kijiwe ni hili. Alama huwa ina watu wawili, yule inayemsimamisha kifua na yule inayemwamshia kidonda, na wewe ukimuuliza wa kwanza peke yake umepata nusu ya habari. Kabla hujaining'iniza kwenye pikipiki yako au kuivaa kichwani, mtafute yule wa pili. Usimwambie ni mashindano tu. Muulize, kisha unyamaze asimulie. Na kama alama ni ya nyumba yenu, mwanangu, usidhani kuishusha ni kuwatupa babu zako. Gidabay hakumkana babu yake hata mmoja. Aliishika chapa kwa mkono wake, akasema ni yetu, akalipa. Mtu wa nje asingeweza kufanya hivyo. Mimi na michoro yangu hatukuweza.

Wa kofia, magari endelea kuyapenda, hata mimi bado nayapenda, na mjukuu wangu huniwekea kwenye simu nikimbembeleza. Kofia ziko nyingi mitumbani.

Nendeni salama, wanangu. Pikipiki zenu ziwake asubuhi ya baridi bila kusukumwa. Breki zishike mtelemkoni, mvua iwakute mmeshafika, na popote mtakaposimama kuomba maji, juu au tambarare, mwenye boma akiwatazama asione kitu cha kumfanya aurudishe mlango.