Siku ya Kula

Juzi jioni nusura niipige televisheni kwa kandambili. Wajukuu wangu hapa mtaani Isevya wana tamthilia yao ya vichekesho, ya mama mmoja mwenye kampuni ya magazeti, mkali huyo, viatu virefu, wafanyakazi wote wanamtetemekea. Sasa juzi msichana wake wa kuchapa kakosea herufi moja tu, na huyu mama kamwambia afungashe vitu vyake aende. Nikaruka kitini. "Muache! Muache mtoto wa watu, we mama!" Wajukuu walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Wakaniuliza, bibi, herufi moja ina nini cha kukupandisha mori hivyo? Nikawaambia, na wewe nakuandikia.

Nilikuwa na gazeti, mimi. Sitanii! Enzi za Ujamaa, wakati kila mtu mzima alitakiwa ajue kusoma, kamati ya elimu ya watu wazima ilinipa taipureta moja, mashine moja ya kurudufu ya kuzungusha kwa mkono, na chumba nyuma ya ofisi yao mjini Tabora. Wakaniambia: ndugu, wanakisomo wanamaliza kitabu cha kwanza halafu hawana cha kusoma, watengenezee gazeti. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kurasa nne, kila baada ya wiki mbili. Mhariri mimi, mwandishi mimi, mpiga chapa mimi, msambazaji mimi. Nilifunga mafurushi kwenye baiskeli nikayapeleka vijijini, na kijiji nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa Kwihara, kwa njia ile ile ya misafara ya zamani. Nikikanyaga pedali najiambia, wenzangu walipita hapa na pembe za ndovu vichwani, mimi napita na habari. Raha niliyokuwa nayo, acha tu!

Kiburi nacho nilikuwa nacho, nisikufiche. Sisi watoto wa Isevya tulijiona ndio wenye Kiswahili. Baba alikuwa fundi cherehani na hakuvumilia neno lipindwe. Mama alikuwa mtu wa Nzega, na yeye na herufi R hawakuelewana kabisa. Nyumbani ilikuwa "zima ledio", "lete ile balua". Baba alimtania, nami nikajifunza kutania. Kule Kwihara nilifundisha pia darasa la kisomo, na humo mlikuwa na mama mmoja wa makamo, mkulima wa karanga, mwenye bidii kuliko wote. Siku moja akasoma ubaoni, "habali". Nikamsimamisha. "Sema rrr, mama. Ha-ba-rrri." Akasema, "Habali." Nikamrudisha mara nne, darasa zima linaangua kicheko na mimi mwalimu nikiwa wa kwanza. Alikaa chini taratibu. Tangu siku hiyo aliendelea kuja na kuandika, lakini mdomo kaufunga.

Sasa kamati ilikuwa na katibu wake, bwana mmoja wa suti ya kaunda iliyopigwa pasi ikasimama. Alilitaka gazeti langu kama mtu anavyotaka shamba lililokwisha kulimwa. "Ndugu wajumbe," alisema kikaoni, mimi nimekaa pale pale, "gazeti hili halisomwi. Wanafungia karanga. Na huyu dada kesho keshokutwa ataolewa, tutabaki tunaitazama mashine." Nilitamani kumrukia! Mwenyekiti akaona asituamulie yeye. Gazeti ni mali ya wasomaji, alisema, basi wasomaji wapige kura, Jumamosi ya wiki ya pili, Kwihara. Ama niendelee mimi, ama alichukue katibu. Tangazo nilitoe mwenyewe gazetini.

Nilikuwa na hofu na hamu kwa pamoja. Nikakaa kwenye taipureta kugonga ile karatasi ya nta ya kurudufia, ambayo herufi ikishagongwa imegongwa, huku nikitamka kila neno kwa sauti ili nisikosee. Nikazungusha mashine mpaka bega likawaka moto. Nikasambaza. Kurudia kusoma sikurudia, maana nani wa kusahihisha Kiswahili changu?

Jumamosi saa nne kasoro nikaingia uwanja wa shule wa Kwihara nikakuta watu. Watu, jamani! Nilizoea wanakisomo wasiojaza darasa moja. Siku hiyo uwanja ulifurika mpaka kwenye ua wa minyaa. Nilipiga kigelegele peke yangu juu ya baiskeli. Halafu nikaanza kuona mabakuli. Huyu ana bakuli, yule ana sahani ya bati, mama na watoto wake wanne wana sufuria. Mzee mmoja alikuwa amekuja na kijiko chake mwenyewe, kakifunga kwenye leso.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tumefika. Chakula kiko wapi?"

Kabla sijajibu, katibu akanifikia, gazeti mkononi, meno yote nje. "Ndugu Mhariri, hebu nisomee hapa."

Nikasoma. SIKU YA KULA KWA WASOMAJI WOTE. Na chini yake: Kila msomaji ana haki ya kula. Asikose mtu.

Kwenye taipureta R iko juu kushoto na L iko kule kulia, kwa hiyo kidole nisingeweza kukisingizia. Nilikuwa natamka huku nagonga, na kwa hofu ile niliyokuwa nayo, sauti iliyonitoka ilikuwa ya mama yangu. Mimi, mwenye rrr zangu!

Katibu kapanda juu ya benchi. "Ndugu wananchi, poleni. Chakula hakuna. Leo ni siku ya kura. Mhariri wenu hajui tofauti ya kura na kula, na huyu ndiye awafundishe nyinyi?" Watu wakaguna. Mabakuli yakashuka, wengine wakaanza kugeuka waende zao. Niliona gazeti linaondoka mikononi mwangu hivi hivi nalitazama.

Hapo akainuka yule mama wa karanga. Nikasema moyoni, haya, leo analipiza, na ni haki yake.

"Ndugu Katibu," akaanza, "wewe ulisema hili gazeti hatulisomi?"

"Nilisema, na ndivyo ilivyo."

"Na hili bakuli, nani kaniambia nilete?"

Akaliinua juu wote walione.

"Jirani hakuniambia. Nimekaa mlangoni kwangu nikasoma. Ka, u, ku. La, a, la. Kula. Nikawaita wanangu, nikawaambia mama yenu kasoma. Na hawa wote wamesoma. Kama hatusomi, haya mabakuli yametoka wapi?"

Wee! Uwanja ulilipuka. Mzee wa kijiko alikipiga kwenye sahani ya jirani yake, ngo ngo ngo, na wengine wakafuata. "Lakini ni kosa!" katibu anapiga kelele. "Ni R! Ni ku-ra!" Sauti ikamjibu kutoka nyuma, "Kwetu hapa ndiyo hiyo hiyo, kaandika tunavyosema!" Mwenyekiti alikuwa ameinama, kashika mbavu.

Alipopata pumzi akasema wanaotaka mhariri aendelee wanyooshe mikono. Hawakuwa na pa kuyaweka mabakuli, basi yakapanda nayo. Sahani za bati zikapigwa na jua mpaka nikafumba macho. Nililia, na sikuona aibu. Katibu alipoombewa mikono, niliona mitatu, na mmoja ulikuwa wake.

Watu hawakukubali kurudi na vyombo vitupu. Kina mama wa nyumba za karibu walitoa michembe, vile viazi vikavu, wakavichemsha na karanga za kutwanga, tukala pale pale uwanjani, katibu naye akala na akaongeza.

Yule mama akaniletea bakuli lake limejaa, akalishika kwa mikono miwili. "Kula, mwanangu. Mimi nimeshakupigia kula yangu."

Akasikia alichosema. Akafunika mdomo haraka kwa kiganja, akanitazama kama alivyokuwa akinitazama siku ile mbele ya ubao, akingoja nimrudishe.

Nikapokea bakuli.

"Nimeiona, mama," nikamwambia. "Ahsante kwa kula yako."